Ushahidi wa Harufu

Idi iliyopita binti wa shangazi yangu alirudi Entebbe baada ya miaka minne ya kuhudumia abiria katika ndege za shirika moja la Ghuba. Tukiwa kwenye sinia la pilau akasimulia kwamba mara mbili, ndege ilipoanza kushuka, ndani palinuka kama soksi zilizolowa jasho. Kila mara kichwa kilimwanga siku mbili. Aliandika ripoti, akajibiwa kuwa hakuna kilichothibitika.

Mimi, ambaye nilikuwa nimetoka tu kufanya mtihani wa kanuni za fiqhi, nikamwambia kuwa yakini haiondolewi na shaka, na anayedai ndiye mwenye kuleta bayina. Akanitazama. "Sasa ustadhi, harufu niilete kwenye mfuko?"

Nilicheka. Usiku sikulala vizuri.

Katika ndege nyingi za abiria, hewa ya kupumua huchotwa ndani ya injini, pale inapokandamizwa kabla ya mafuta kuwashwa. Sili zikichakaa, mvuke wa oili hupenya. Oili nyingi za injini hizo zina kemikali za jamii ya oganofosfeti, ambazo baadhi yake hudhuru mishipa ya fahamu. Vichujio hunasa vumbi na vijidudu, lakini mvuke hupita. Na ndege nyingi hazina kifaa cha kuupima.

Wataalamu bado wanabishana kuhusu maradhi ya muda mrefu, nami si daktari. Ila huko Australia mhudumu aliyevuta moshi ndani ya ndege mwaka 1992 alishinda kesi, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ikamnyima mwajiri ruhusa ya kukata rufaa.

Kosa langu lilikuwa hili: nilichukua kanuni ya watu wawili walio sawa mbele ya kadhi. Hapa mmoja ana injini, ana kumbukumbu za matengenezo, na ndiye anayeamua kama kipimo kifungwe au kisifungwe. Mwingine ana pua. Mafaqihi hao hao wametufundisha kwamba mwenye kula faida ndiye abebe hasara, na kwamba madhara huzuiwa kwa kadiri ya uwezo. Uwezo upo. Boeing 787, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2011, huvuta hewa ya kibini moja kwa moja kutoka nje kwa kompresa za umeme, bila kupitia injini.

Mwenzangu wa darasani anasema alisaini mkataba kwa ridhaa yake, akichoka aache. Lakini ridhaa ya jambo ulilofichwa ni ridhaa gani? Katika ijara tunasoma kuwa kasoro iliyofichwa humpa mtu haki ya kuvunja mkataba. Hatusomi kuwa inamnyamazisha. Na wadogo zake wawili wanasomeshwa na mshahara ule.

Alipoondoka nilimwandikia ujumbe wa kumtaka radhi, nikamwomba aandike mwenyewe kila tarehe, namba ya ndege na alichohisi. Alinitumia picha ya daftari la shule. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshajaa.