Uzito wa Kisichokuwapo

Watu wazima wengi huamini kwamba hadithi za wanyama wasemao ni za watoto, na kwamba zikichorwa ndiyo kabisa. Nadhani wanachanganya ukweli wa tukio na ukweli wa maana. Tukio laweza kuwa la kubuni tupu, na bado swali linalozaliwa nalo likatubana kuliko habari za gazetini.

Tazama Digger, katuni ya Mmarekani Ursula Vernon, iliyotoka mtandaoni ukurasa baada ya ukurasa hadi ikakamilika mwaka 2011, na mwaka uliofuata ikatwaa Tuzo ya Hugo. Mhusika mkuu ni wombati, mnyama mchimbaji wa Australia, anayepotea chini ya ardhi na kuibukia hekaluni, mbele ya sanamu ya Ganesha inayozungumza. Yeye huamini sururu na mwamba, uchawi haupendi. Kwa kuwa hashangilii miujiza, nasi twalazimika kuipima.

Sisi tuliokuzwa na ngano za fisi mlafi na mpumbavu tuna la kutafakari zaidi. Fisi wa Vernon wana sheria na ibada. Kwao, kumla marehemu ni kumstahi. Mmoja wao alimuua mkewe aliyekuwa akimtesa. Kabila lake likamtenga na kumvua jina, akabaki hana hata neno la kuitwa, mpaka wombati alipomwita Ed. Je, hiyo ni haki? Hadithi haimtakasi, wala haituruhusu kumchukia.

Michoro ni ya nyeusi na nyeupe tu, na humo anatembea mtoto wa kivuli, kiumbe asiyejua kama yeye ni mwema au mwovu, anayeuliza maswali bila kuchoka. Wino uleule unaojaza mapango ya kutisha ndio uliomuumba, lakini weusi wake haumwamulii tabia; lazima ajifunze wema, tendo kwa tendo. Hapo mchoro wenyewe unafikiri.

Basi uzito wa hadithi haupimwi kwa kufanana kwake na dunia yetu. Hupimwa kwa jinsi inavyokataa kuwafutia wahusika wake matokeo ya matendo yao. Anayeidharau njozi ya namna hii kwa sababu imechorwa, bado hajaisoma. Aisome kwanza, polepole, ndipo ahukumu.