Wakili na Haki ya Mke Asiye na Hati

Tumeulizwa barazani swali ambalo hatukuona vema kulijibu kwa maneno mawili. Je, yafaa Mwislamu kuwa wakili katika kesi za ndoa na talaka, hali ya kuwa huenda akamsimamia mtu asiye na haki? Mmoja akasema kuwa uwakili ni biashara ya ulimi, na mwenye kumcha Mungu ajiweke mbali nayo. Mwengine akasema kuwa wakili ni mtumishi tu. Hufanya alilotumwa, na dhambi ni ya aliyemtuma. Sisi twaona kuwa wote wawili wamekosea, na kosa lao lawadhuru watu wasiokuwapo barazani kujisemea, nao ni wake walioachwa pamoja na watoto wao.

Mtu huona upesi aibu ya nyumba ya mbali kuliko ya nyumba yake. Kwa hivyo mfano wetu tutautoa mbali na pwani, huko Magwagwa, katika kaunti ya Nyamira, nchi ya Wagusii. Huko ardhi ni haba, na mashamba ya chai ndiyo yanayolisha nyumba nyingi. Ndoa yao ya mila husimama kwa mahari ya ng'ombe. Zamani mke aliyekwisha kufanyiwa arusi kamili alivishwa pete za chuma miguuni, ziitwazo ebitinge, ili kila amwonaye ajue kuwa ni mke wa mtu kwa haki. Pete hizo ndizo zilizokuwa hati yake, na wazee ndio waliokuwa mashahidi wake.

Leo mahakama yataka karatasi. Sheria ya Ndoa ya 2014 imewataka waliooana kwa mila wampashe msajili habari katika muda wa miezi mitatu baada ya kutimiza taratibu za ndoa yao. Wako wafanyao hivyo, na wako wasiofanya.

Basi tuseme yuko mwanamke wa Magwagwa aliyekaa na mumewe miaka ishirini. Kila alfajiri huingia shambani kuchuma chai, kisha huibeba mgongoni mpaka kituo cha kununulia majani. Lakini nambari ya mkulima ni ya mume, hati ya shamba ni ya mume au ya baba wa mume, na malipo huingia katika akaunti ya mume. Siku atakapoambiwa, "Rudi kwenu," atakuwa na nini cha kumwonyesha jaji? Atakuwa na mikono yake tu.

Kwa hakika sheria haikumsahau. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 yasema kuwa mchango si fedha peke yake, bali kazi za nyumbani, malezi ya watoto, uwenza, kusimamia biashara ya familia na kazi ya shamba zote zahesabiwa. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu katika kesi ya mume na mke waliooana mwaka 1990 kwa mila ya Kikisii. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba yao na asilimia 20 ya nyumba za kupangisha. Mahakama ya Rufaa ikampa nusu. Mahakama ya Juu iliiacha nusu ile isimame, ila ikabainisha kuwa usawa wa mume na mke uliotajwa katika kifungu cha 45 cha Katiba haumpi mtu nusu kwa kuwa ameoa au ameolewa tu. Kila mmoja hana budi kuthibitisha alichochangia.

Hatusemi kuwa hukumu hii ni dhulma. Jaji hawezi kuhukumu kwa asichoonyeshwa. Lakini ni wajibu wetu kuona mzigo umemwangukia nani. Umemwangukia yule ambaye kazi yake haiandikwi popote. Baina ya jasho lake na sikio la jaji pana daraja moja tu, nalo ni wakili. Basi anayesema kuwa wacha Mungu waukimbie uwakili, amewaachia daraja hilo wasiomcha Mungu, kisha alalamika kuwa wavukao wanaporwa.

Ama yule aliyesema kuwa wakili ni mtumishi tu, tungependa akumbuke aliyotuonya Mtume (s.a.w.): kwamba yeye ni binadamu, ahukumu kwa anayoyasikia, na huenda mmoja wa wanaoshitakiana akawa fasihi kuliko mwenziwe, na mwenye kupewa haki ya nduguye kwa ufasaha huo, amekatiwa kipande cha moto. Je, moto huo utamwunguza mteja na kumwacha aliyemkatia? Hata Sheria ya Mawakili ya Kenya yamhesabu wakili kuwa afisa wa mahakama, wala si ulimi wa kukodishwa.

Mtu atasema: Je, mume mkosa asipate wakili? La, apate. Hata aliyemdhulumu mkewe ana haki zake. Ana haki ya kusikilizwa, ya kupata sehemu yake ya mali, na ya kutokatiwa watoto wake. Kumsimamia katika hayo si dhambi. Dhambi ni kumsaidia aliandikishe shamba kwa jina la nduguye kabla ya kesi, au kumfunza shahidi aseme asiloliona. Mteja akitaka hayo, wakili na amwambie, "Hili silifanyi," na asipokubali, amwache aende.

Na kwa vijana wetu walioshika kazi hii, twawanasihi haya. Mke akija bila hati, msimrudishe. Zitafuteni risiti za majani ya chai, za karo na za simu alizotumia fedha, na majirani waliomwona shambani. Jaribuni sulhu kwanza: Qur'ani imeamrisha wapatanishi wawili, wa upande huu na wa upande huu, Sheria ya Ndoa imeacha mlango wa suluhu kwa ndoa za mila, na tangu 2016 mahakama za Kenya zina upatanishi wao. Lakini mke aliyepigwa msimlazimishe kuketi na anayemwogopa, mkaiita hiyo sulhu. Msiwasimamie mume na mke pamoja wanaposhitakiana. Wala msipatane kulipwa mkishinda tu, kwani sheria haiyatambui mapatano hayo. Na wakili mwenye fungu lake ndani ya shamba hataki tena watu wapatane.

Sasa turudi kwetu. Tusiseme, "Hayo ni ya bara." Sisi tuna Kadhi kwa kifungu cha 170 cha Katiba, na sheria ile ya 2013 yamruhusu Mwislamu kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa. Na sheria yetu yasema wazi kuwa mali ya mke ni yake. Lakini binti zetu wangapi wameuza dhahabu zao ili nyumba ijengwe juu ya kiwanja chenye jina la mume, bila karatasi wala shahidi? Akiachwa, au mume akifa na warithi wakaja kugawa, yeye na yule mchuma chai wa Magwagwa wana tofauti gani?

Twaambiwa kuwa kuandikiana mume na mke ni aibu, ni kutoaminiana. Ajabu! Aya iliyo ndefu kupita zote katika Qur'ani ni ile ya kuandika deni na kuweka mashahidi, nayo yawaambia walioamini, si maadui. Kuandika hakuvunji mapenzi, bali huwahifadhi wapendanao na siku ambayo mmoja wao hatakuwapo kusema kweli.

Basi mwenye binti amfunze kuweka karatasi yake, na mwenye mke aandike leo, angali ampenda, alichopewa naye. Haki isiyo na shahidi haipotei mbele ya Mungu, lakini mbele ya wanadamu hupotea kila siku.

Wa billahi tawfiq.