Je, Mashine Yatosha Kumponya Mtu?

Watu wa Bukama wajua maana ya safari. Reli kutoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifika hapa penye mto Lualaba mwaka 1918, na tangu siku hizo watu hupanda na kuteremka. Lakini iko safari iliyo chungu kuliko nyingine: ile ya mgonjwa wa kansa ya kinywa au ya koo, anayekwenda mbali kutafuta tiba ya mionzi. Nauliza hivi: jamaa wakichanga fedha wakalipa nauli na mashine tu, je, wametimiza haki ya ndugu yao?

Kwanza tukumbuke jambo moja. Mwaka 1898 Marie Curie na mumewe Pierre walivumbua radiumu mjini Paris. Mwaka 1915 mawe yenye uraniumu yaligunduliwa Shinkolobwe, katika Katanga hii hii, na tangu mwaka 1922 kiwanda cha Olen huko Ubelgiji kilitoa radiumu katika mawe hayo, waganga wakaitumia kuchoma uvimbe wa kansa. Baadaye Shinkolobwe ilitoa pia sehemu kubwa ya uraniumu wa bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Basi twaona kwamba nguvu hiyo haijui wema wala ubaya. Yafuata mkono wa mwenye kuituma. Siku hizi mashine za kobalti na za umeme zimeshika mahali pa radiumu, lakini nazo ni vivyo hivyo: zaujua uvimbe zilioelekezwa, hazimjui mtu.

Na mtu huyo apatwa na nini? Kwa kawaida tiba huendelea siku 5 kila juma, kwa majuma 6 au 7. Kila mara ni dakika chache, wala hasikii uchungu mashine inapofanya kazi. Taabu huja baadaye. Yapata juma la pili au la tatu kinywa chaota vidonda, mate yakauka, chakula chapoteza ladha, ngozi ya shingo yaungua. Kumeza tonge la bukari kwawa kama kumeza miba. Mgonjwa hukonda, hukosa usingizi, huona haya kula mbele ya wenziwe. Wazee walisema, mgonjwa haulizwi uji. Lakini huyu hata uji wamwasha.

Ndiyo sababu wenye ujuzi hawamwachii daktari mmoja kazi yote. Mganga wa meno huangalia kinywa kabla ya mionzi, maana jino bovu likingolewa baadaye, mfupa wa taya waweza kufa. Muuguzi husafisha vidonda na kumfundisha mgonjwa kusukutua kwa maji ya chumvi. Mjuzi wa vyakula hupima uzito wake, na kumeza kukimshinda kabisa hulishwa kwa mrija. Mwingine humzoeza kumeza na kusema. Tena yuko wa kumpa dawa ya maumivu, na wa kuketi naye akimsikiliza, awe padre, sista au ndugu yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Labda mtu atasema: “Fedha yetu ni chache. Si afadhali kulipia mashine kwa wagonjwa wawili kuliko kumlipia mmoja mashine, chakula na malazi?” Neno hili lina uzito, wala tusilidharau, maana anayelisema mara nyingi ni maskini kweli. Lakini hesabu yake ina kasoro. Mionzi si sindano moja ikaisha. Mgonjwa asiyeweza kula wala kustahimili maumivu huiacha tiba katikati. Na katika kansa hizi, siku zikikatizwa, uvimbe hupata nafasi ya kukua tena na tumaini la kupona hupungua. Anayelipia mashine kwa wawili na kuwaacha na njaa aweza kuwakosa wote wawili. Uji, basi, ni sehemu ya dawa.

Hata hivyo tusiishie hapo. Kama twamtunza mgonjwa kwa sababu tu utunzaji wasaidia mionzi, tutafanya nini siku daktari atakaposema kwamba mionzi haifai kitu tena? Tutamwacha? Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mjini Kampala, akawapa wagonjwa wa namna hiyo mofini ya maji, dawa ya kunywa isiyo ghali; na mwaka 2004 sheria ya Uganda iliwaruhusu wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Wengi wao hawakuwa wa kupona. Lakini haki ya mgonjwa haitoki katika kupona kwake. Yatoka katika utu wake, maana ameumbwa kwa sura ya Mungu.

Mtazameni Msamaria mwema. Mafuta na divai aliyomtia yule mtu vidondani ilikuwa dawa. Lakini alimpandisha pia juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, akaahidi kurudi. Hakufanya yote peke yake. Wala hakumtwika mwenye nyumba mzigo asimpe kitu.

Basi, ndugu, mkichanga fedha katika parokia kwa ajili ya mgonjwa wa namna hii, hesabuni na majuma yake 7: alale wapi, ale chakula gani laini, nani aandamane naye. Ulizeni kama meno yameangaliwa. Na akirudi, msimcheke akila polepole na kikombe cha maji mkononi, maana kinywa chaweza kubaki kikavu miaka mingi. Mashine humhitaji mgonjwa dakika chache kila siku. Saa zilizobaki yeye hutuhitaji sisi.