Kikombe cha uji na pointi za Elo

Asubuhi ya Kisangani, mto bado una ukungu, wazee wawili chini ya mwembe wanasukuma vifuniko vya chupa kwenye ubao wa dama. Hakuna anayewaandikia pointi. Wanamalizia ubishi wa jana.

Sataranji, kinyume chake, ina daftari lake la pointi. Profesa Arpad Elo alibuni hesabu ambayo FIDE, shirikisho la sataranji duniani, iliipokea mwaka 1970: ukimfunga aliyekuzidi unapanda sana, ukifungwa na uliyemzidi unaporomoka. Namba hiyo inanogesha mchezo, ila (tuseme kweli) inatia woga pia. Wapo wanaokwepa mashindano wasije wakaipunguza.

Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alianza sataranji bila kuijua namba hiyo. Alimfuata kaka yake kwa kocha wa sataranji Robert Katende, akakuta watoto wanaocheza wakipewa uji. Cheo cha FIDE alikipata Istanbul, 2012.