Kalamu Kama Kiboko: Adhabu za Uandishi Shuleni na Hatima ya Mwandishi Mtu Mzima

1.0 Utangulizi

Mtoto aliyechelewa kufika darasani, au aliyepiga kelele mwalimu akiwa ametoka, huamriwa kuandika sentensi moja mara 100: kwamba hatarudia kosa lake. Adhabu hii imezoeleka mno hata haionekani kuwa jambo la kuhojiwa. Makala haya yanakusudia kuihoji. Swali lake ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifasihi: je, ni haki kumwadhibu mtoto kwa kitendo kile kile ambacho shule inadai kumfundisha akipende?

Muktadha wa mjadala ni Soweto West, kijiji kimojawapo cha Kibera, pamoja na Kawangware, mitaa ya Nairobi ambamo watoto wengi husomea katika shule ndogo za jamii, za makanisa na za watu binafsi. Jina Soweto linakumbusha mengi. Tarehe 16 Juni 1976 wanafunzi wa Soweto ya Afrika Kusini waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma baadhi ya masomo kwa Kiafrikaans, na wengi wakapigwa risasi. Tangu 1991 siku hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika. Suala la mtoto, lugha na amri ya shule, kwa hiyo, si dogo.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba adhabu ya uandishi haimfanyi mtoto aandike vibaya. Yawezekana hata ikamnyoshea mwandiko. Dhara lake ni kumzoeza kuandika pasipo yeye mwenyewe kuwamo katika maandishi yake, na mazoea hayo humfuata utu uzima.

2.0 Sura Tatu za Adhabu

Yafaa kutofautisha sura tatu. Ya kwanza ni kuadhibiwa kwa kuandika, kama ilivyoelezwa. Katika daftari lenye mistari 25 kwa ukurasa, sentensi 100 hula kurasa nne. Kwa mzazi wa Soweto West anayeishi kwa kibarua cha kutwa, kurasa hizo ni gharama. Na kwa mtoto anayeziandika usiku kwa mwanga wa koroboi, ni mafuta ya taa pia. Fauka ya hayo, kila mtoto hugundua mbinu ile ile: huanza kuandika neno la kwanza kutoka juu hadi chini, kisha la pili, kisha la tatu. Sentensi huvunjika ikawa safu za maneno yasiyojuana. Mkono unafanya kazi, na akili imekwenda kucheza. Huu ndio utengano ambao mwalimu wa insha atakuja kuulalamikia baadaye.

Sura ya pili ni kuadhibiwa kwa ajili ya maandishi, yaani fimbo kwa kila kosa la tahajia. Kisheria jambo hili limekwisha: Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili na kiakili. Hata hivyo, kalamu nyekundu yaweza kurithi kazi ya fimbo. Mtoto anayejua kuwa kila neno geni ni hatari hujifunza kuandika maneno machache tu yaliyo salama.

Sura ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kuadhibiwa kwa ajili ya lugha. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, ameeleza katika Decolonising the Mind (1986) jinsi alivyokuwa hodari wa insha za Kigĩkũyũ, na jinsi Kiingereza kilivyotawala shule baada ya kutangazwa kwa hali ya hatari mwaka 1952. Aliyenaswa akisema Kigĩkũyũ alichapwa au kuvishwa shingoni kibao cha kumdhalilisha, na watoto walifundishwa kuchongeana. Katika Nairobi ya baadaye Sheng nayo iliingia katika orodha ya ndimi zinazokemewa. Mtoto ambaye lugha ya uani kwao ni kosa hana budi kuuacha uani wenyewe nje ya daftari.

3.0 Je, Kurudia ni Kosa?

Mpinzani atauliza: mbona kurudia ni msingi wa elimu yote? Katika vyuo vya Kurani vya pwani, mwanafunzi alinakili aya kwenye ubao, akaifuta, akanakili tena. Pingamizi hili ni la haki, na jibu lake linafafanua hoja. Mwanafunzi wa chuoni alinakili maneno ambayo jamii yake iliyaona kuwa bora kuliko yote. Kuruhusiwa kuyaandika ilikuwa heshima. Mtoto wa adhabu hunakili maneno ya kujilaumu, ambayo hakuyatunga wala hayaamini. Marudio ni yale yale. Maana ya kitendo ni tofauti. Kwa hiyo kosa haliko katika marudio. Liko katika kuigeuza alama ya elimu kuwa alama ya hatia.

Mpinzani wa pili husema kwamba walioadhibiwa ndio waliokuja kuwa waandishi. Hoja hii huhesabu waliovuka mto na kuwasahau waliozama. Isitoshe, maisha ya waandishi hao yanashuhudia kinyume. Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu cha kisiasa, alitunga gerezani mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973), akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ngũgĩ, aliyekuwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, aliandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwenye karatasi za aina hiyo hiyo. Dola ilipotaka kuwaadhibu waandishi, iliwanyima karatasi, maana ilijua kuandika ni uhuru. Shule humwadhibu mtoto kwa kumpa karatasi. Kati ya wawili hao, mlinzi wa gereza ndiye aliyeielewa vizuri zaidi thamani ya kalamu.

4.0 Kutoka Daftari hadi Tasnifu

Athari huonekana kwanza katika insha. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCPE ulifanyika mwaka 2023, mtahiniwa alikuwa na dakika 40 za kuandika insha ya Kiswahili. Aghalabu alijihami kwa vifungu vya kukariri: jogoo wa alfajiri, umande, ndege wakiimba matawini. Mtoto wa Kibera, aliyeamshwa na honi ya garimoshi kwenye reli inayokatiza mtaa wake au na foleni ya mitungi ya maji, aliandika juu ya jogoo. Tamathali zilikuwa sahihi. Ushahidi ulikuwa wa kuazima. Wahakiki huwalaumu vijana hawa kwa ukosefu wa ubunifu, ilhali walichokosa ni idhini.

Mtu mzima huendeleza desturi hiyo. Barua yake ya kuomba kazi hunyenyekea kupita kiasi, kana kwamba bado anatubu. Hata chuo kikuu hakijanusurika: tasnifu ambayo kila aya yake hufunguliwa kwa kauli ya mtaalamu, na ambamo hoja ya mtafiti haionekani hadi ukurasa wa mwisho, ni ndugu wa zile sentensi 100. Mwandishi wake anajaza kurasa ili asamehewe. Wasomi wanaosahihisha tasnifu hizo wana haki ya kudai hoja, lakini wana wajibu pia wa kujiuliza ni lini mwanafunzi huyo aliwahi kuandika bila hofu.

5.0 Hitimisho

Wanaotetea adhabu hupenda kukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, ila yasema kukunja, si kuvunja; na anayekunja huangalia umbo analolitaka. Iwapo jamii inataka watu wazima wanaosema wanachokiona, basi mtoto wa Soweto West aliyechelewa shuleni na apewe ukurasa mmoja aeleze kwa nini amechelewa. Huenda akaandika kuhusu tope, maji au mdogo wake aliyekuwa mgonjwa. Atakuwa amewajibika kwa kosa lake, na mwalimu atakuwa na jambo la kusoma.