Kusita kwa Nafsi na Dawa Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyiezi Mungu, Mjuzi wa yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zangu Waislamu, madhambi makubwa twayajua kwa majina yake, na kila mmoja wetu huyaogopa. Lakini yako mambo madogo ambayo mtu huyatenda mchana kutwa bila ya kuyapa jina, na kwa kuwa hayana jina hayaombei toba. Khasa nataka kutaja kule kusita kwa nafsi, na yale ambayo viungo hufanya kabla ya akili kuulizwa.

Mtu apita mbele ya baraza, watu wameketi, na salamu i ulimini mwake. Mara moyo humwambia: Huenda wasikujibu, au watakudhania una haja. Basi hushusha macho, akaitengeza kofia yake isiyokuwa imepinda, akapita kimya. Mwingine amwona amdaiye akija kwa mbele, na miguu yamchukua kichochoroni kabla hajajua aendako. Mwingine aamkiwa na tajiri na maskini kwa wakati mmoja: kwa tajiri ainuka, na maskini ampa ncha za vidole, macho yake yakitazama pengine. Ukimuuliza kila mmoja katika hawa, atakuapia kuwa hakukusudia. Na huenda akawa mkweli.

Basi je, ataulizwa mtu kwa asilolikusudia? Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameliweka wazi jambo hili katika Ihyau Ulumid-Din, katika kitabu cha maajabu ya moyo. Amesema kuwa tendo hupita daraja kabla ya kufika kwenye viungo. Kwanza ni fikira ipitayo moyoni. Kisha ni tabia kuielekea fikira ile. Kisha ni moyo kuhukumu kuwa jambo lile lapasa kutendwa. Kisha ni kuazimia. Mbili za mwanzo hazimo katika hiari ya mja, wala hashikwi nazo. Na katika Hadithi sahihi Mtume, rehema na amani zimshukie, ametujulisha kuwa umma huu umesamehewa yale ambayo nafsi zao huzungumza, maadamu hawajayatamka wala kuyatenda.

Hii ni rehema kubwa, lakini isitughuri. Kwani ada ni mtoto wa hiari. Miguu ile ikimbiliayo kichochoroni leo pasipo amri, siku ya kwanza iliamrishwa na mwenyewe; na siku ya pili ikaamrishwa kidogo; na siku ya kumi ikawa haihitaji amri. Basi asiyeshikwa na fikira yake hushikwa na malezi ya nafsi yake.

Na ukitaka kujua uzito wa jambo dogo la uso, soma Sura ya 80, Sura ya Abasa. Mtume alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Makureshi, akitaraji wasilimu. Akamjia Abdullahi bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, ataka kufunzwa. Mtume akakunja uso akageuka, kwa pupa yake ya kuwaongoza wale. Zingatieni, ndugu zangu: aliyekunjiwa uso hakuuona. Lakini Mola aliuona, akateremsha aya zisomwazo hata leo. Na baadaye Mtume alimkirimu mtu yule, akamfanya muadhini pamoja na Bilali, na mara nyingine akimwachia Madina alipokuwa safarini. Ikiwa mbora wa viumbe amezinduliwa kwa kunja moja ya uso mbele ya asiyeona, sisi tutasema nini juu ya nyuso tuwakunjiazo wenye macho?

Na kusita ni kwa namna tatu.

Namna ya kwanza ni kusita kunakoiziba kweli. Wamepokea Bukhari na Muslim kuwa Mtume aliwauliza sahaba juu ya mti usiopukutika majani, nao mfano wake ni kama Muislamu. Watu wakaenda kwa fikira katika miti ya majangwani. Abdullahi bin Umar, naye ni kijana, akajua moyoni kuwa ni mtende; lakini akaona haya, kwani Abubakar na Umar wamenyamaza. Mtume akawaambia kuwa ni mtende. Baadaye kijana akamweleza babake yaliyompitia moyoni, na Umar hakumsifu kwa kunyamaza, bali alimwambia kuwa lau angalisema, ingalikuwa bora kwake kuliko mali nyingi.

Haya ni tawi la imani, hapana shaka. Lakini haya ni ile ikuzuiayo na ovu. Ile ikuzuiayo na kweli ni unyonge uliovaa kanzu ya haya. Umeketi barazani, kikombe cha kahawa mkononi, na mtu asiyekuwapo asengenywa, nawe wajua kwa yakini kuwa hana kosa. Maneno yafika kooni, kisha wakohoa, wapiga funda la kahawa, nao wakicheka wacheka pamoja nao. Hukusema neno, lakini kicheko kile ni sahihi yako chini ya maneno yao.

Namna ya pili ni wasiwasi katika ibada. Mtu huosha mkono mara saba na bado aona haujatoharika. Husema takbiri, akaivunja, akaisema tena, hata imamu amekwisha rukuu. Huyu adhani ni ucha Mungu. Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni kiasi cha vitanga viwili vya mtu wa kadiri vilivyojaa. Na mwenye shaka katika idadi ya rakaa ameamrishwa ajenge juu ya yakini, kisha asujudu sijida mbili, yatoshe. Sharia imempa mwenye shaka mlango wa kutokea. Asiyetaka kutoka asiseme amefungiwa.

Namna ya tatu, nayo ndiyo iharibuyo miji yetu, ni kusita kupatana. Ndugu wawili wa tumbo moja wameteta kwa ajili ya minazi ya mirathi. Husali msikiti mmoja, na mmoja hungoja mwenziwe atoke ndipo naye avae viatu vyake. Muulize huyu, atasema: Mimi sina kinyongo, akinianza nitamjibu. Muulize yule, atasema maneno yayo hayo. Mwaka wapita, na wa pili, na wote wawili wangojea kuanzwa. Na Mtume amekataza Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, akatujulisha kuwa mbora wao ni yule aanzaye salamu.

Huenda mtu akasema: Nami nikimwanza asinijibu? Jawabu ni kuwa ujira wako umeupata, na dhambi imebaki kwake. Uliogopa kupungukiwa heshima, na kumbe umezidi.

Basi dawa ni nini? Kwanza, mtu aihesabu nafsi yake kila usiku: leo nimemwepa nani, na kwa nini? Jambo likipewa jina hudhoofika. Pili, aitangulie fikira ya pili. Salamu aitoe kabla moyo haujapata nafasi ya kushauriana. Tatu, aiendee ile njia ambayo miguu yaikimbia: amwendee amdaiye, amwombe muhula kwa uso wake, kwani Mwenyiezi Mungu amewaamrisha wenye kudai wamngoje mwenye dhiki. Yule Abdullahi bin Umar aliyenyamaza ujanani, alipokuwa mtu mzima alikuwa akienda sokoni asinunue wala asiulize bei, ila kuwasalimu watu aliokutana nao. Nafsi hufundishika.

Ndugu zangu, tumewaona watu siku ya maziko. Mtu hakumsalimu nduguye miaka, na leo asukumana na watu alishike jeneza. Na akifika makaburini atoa salamu kwa sauti, kwani pale haogopi kutojibiwa. Salamu ile ingalimtosha nduguye alipokuwa hai, na njia kati ya nyumba zao ni hatua chache. Aliye na nduguye hai na aondoke leo, kabla ya Isha.

Ewe Mola, zilainishe nyoyo zetu, uzikunjue nyuso zetu, na ututangulize katika kheri kabla ya kusita. Amin.

Wabillahi taufiq.