Kiapo cha Mpiga Kura
Jumanne ya kwanza ya Machi, wakazi wa Montpelier, mji mkuu wa jimbo la Vermont huko Marekani, watakapowapigia kura madiwani na bajeti ya mji, kama ilivyo ada yao kila mwaka, kila mmoja atakuwa amefungwa na kiapo chenye asili katika katiba ya 1777, kwamba atachagua lile ambalo dhamiri yake yaona lina maslahi zaidi kwa jimbo, pasipo hofu wala upendeleo. Je, aliyeapa hivyo aweza kuikataa bajeti kwa sababu tu kodi yake itazidi? Naitakidi hawezi, kwani kura ni amana. Na usiri wa sanduku humzidishia dhima, maana pale hapana amwonaye ila Mola. Basi bajeti hiyo yampasa aisome, tena kwa makini, kabla ya siku yenyewe.